Saa ya Kompyuta ya Mama Evans

Kabla hujaunganisha waya hata mmoja, kaa kwenye kiti. Usikae kwenye kiti chochote tu. Uliza ni kipi anachokalia mtu mkongwe kuliko wote katika nyumba hiyo, ukae hapo, uegemee anavyoegemea yeye, kisha uitazame runinga. Kama mwanga wa dirisha unagonga kioo, utajua. Kama maandishi ni madogo mno, utajua pia, na utajua kabla mzee wa watu hajaanza kujilaumu kwa kutoona.

Hilo nilifundishwa na Mzee Makori, fundi wa redio wa Keroka, aliyekufa wengi wenu mkiwa hamjazaliwa. Yeye alikuwa akitengeneza redio, anamfuata mteja hadi nyumbani, anakaa kwenye kiti chake na kusikiliza taarifa ya habari yote mpaka mwisho. Mke wa mteja akiuliza, "Fundi, hujamaliza?" anajibu, "Redio nimemaliza. Sasa natengeneza masikio."

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi niliyoifanya mimi kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote: kuchukua kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika ofisini ng'ambo, ya bei ya chini, yenye ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, na kuifunga sebuleni iwe ya kuchezea picha na nyimbo kwenye runinga. Sikuisomea. Nilikuwa mpiga chapa wa barua na mtoa nakala, nikajifunza kwa kufungua vitu na kuvirudisha, na kwa kuandika kila nilichokosea. Nina madaftari manne ya makosa. Duka langu la Keroka nililifunga jicho la kushoto lilipokufa kwa presha ya macho, na la kulia likaanza kuufuata mwenendo wake.

Kosa moja halimo katika madaftari hayo. Kulikuwa na mama mmoja huko Nyamira, juu ya Kebirigo, aliyetaka kuona kitu kimoja tu: udongo wa nyumbani kwake ukimwagwa juu ya jeneza la mwanawe. Hakuuona, na aliyesababisha asiuone ni mimi. Nitawasimulia, lakini kwanza niwape mambo mawili matatu ya kazi, kwa sababu bila hayo hamtaelewa jinsi mtu mwangalifu anavyoweza kukosea kwa uangalifu wake mwenyewe.

Vumbi. Kila nyumba ina vumbi lake. Barabara za murram, zisizo na lami, hutoa lile jekundu linaloingia kila mahali lakini hutoka kwa brashi. Jikoni karibu na sebule hutoa masizi yenye mafuta, nayo yanataka spiriti. Kijiji cha Tabaka, kwa wachonga mawe, ni habari nyingine. Niliitwa huko na mzee mmoja aliyekuwa akichonga wanyama barazani, mlango wa sebule ukiwa wazi mchana kutwa. Kompyuta yake, niliyoifunga mimi miezi minane nyuma, ilikuwa ikikoroma kisha inazimika. Nilipoifungua nilikuta unga wa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea, umejaa kwenye feni, umepata unyevu wa mvua, umeganda. Brashi haikufaa. Nilichukua bisibisi nikaanza kubandua polepole. Mzee akaacha kazi yake, akaja kusimama nyuma yangu.

"Fundi, unashika chombo vibaya. Hivyo utavunja sikio."

"Haina masikio, Mzee."

"Itakuwa nayo ukiendelea. Niachie, nitaichonga iwe kiboko na Wazungu wataipeleka kwao. Si ndiko ilikotoka?"

Alimaliza kuubandua unga huo yeye mwenyewe, kwa patasi yake ndogo, vizuri kuliko mimi. Tangu siku hiyo sikumwambia mtu yeyote abadilishe kazi yake kwa ajili ya mashine. Niliipandisha juu ya kabati, nikailaza upande ambao matundu yake hayaelekei mlango. Ni mashine inayopaswa kujua imekuja kwa nani.

Vitambaa. Nyumba zetu zina vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, na mtakapofunga kompyuta mama mwenye nyumba ataivisha kabla hamjafika barabarani. Kompyuta ikivishwa hukosa hewa. Nilijaribu kukataza. Siku nilipomkataza Mama Evans, alinitazama kama mtu aliyetukanwa kwake.

"Kitu kikae uchi sebuleni kwangu? Wageni watasema nini?"

"Watasema inapumua, Mama."

"Na mimi watasema nini?"

Tulikubaliana. Angefuma kitambaa chenye matundu makubwa, na nyuma akikunje mpaka katikati. Alikifuma cheupe, kikiwa na ua moja pembeni, na kila nilipopita alinionyesha nyuma yake ili nihakikishe amekikunja. Huyo ndiye mama ninayemsimulia. Jina lake lilikuwa Bosibori, lakini kila mtu alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Evans alikuwa Uingereza, akiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Ndiye aliyenipigia simu na kunipa kazi hiyo. Alitaka mama yake awe na kwaya na mahubiri ya Sabato kwenye runinga, bila kutegemea jirani. Nyumba yao haikuwa na mtandao, kwa hiyo nilijaza nyimbo kwenye diski ya kompyuta yenyewe, na kila miezi michache dada yake Evans, Kerubo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniletea flashi nikaongeza nyimbo nyingine.

Kazi hiyo niliifanya kwa makini sana. Nilikaa kwenye kiti cha mama. Nikapanga mashine ianze yenyewe ikipata stima na iende moja kwa moja kwenye nyimbo. Nikafunga matangazo yote madogo yanayochomoza pembeni mwa kioo, kwa sababu yalimtisha. Moja lilipochomoza siku ya kwanza aliniuliza nani anaandika. Nikaficha ule mstari wa chini wenye saa na alama, ili aone picha tupu.

Kabla ya kuuficha niliona saa imepotoka. Ilionyesha usiku wa manane na jua lilikuwa utosini. Nikairekebisha kwa mkono, saa na dakika, ikalingana na ya ukutani, nikaridhika. Chini yake palikuwa na mahali pengine pa kuiambia kompyuta iko wapi duniani. Palisema magharibi ya Amerika, ofisini ilikotoka. Hapo sikupagusa. Mashine haikuwa na mtandao, na bila mtandao jambo hilo halina maana. Nilijua nikipagusa saa ingeruka tena, na nilikuwa nimeshaipanga. Ilikuwa kama mtu aliyefungwa saa sahihi mkononi huku akiamini bado yuko kwao.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kisha Kerubo akaja dukani bila flashi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini.

"Evans ameanguka kazini. Ni moyo."

Nikamwambia pole. Nikamuuliza analetwa lini.

"Haletwi," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Mnajua uzito wa neno hilo kwetu Wagusii. Mtu wetu huzikwa kwenye boma lake, karibu na baba yake, hata kama amekaa ng'ambo maisha yake yote. Lakini mke wa Evans, Lydia, ambaye si wa huku, kwao ni Taita, alisema watoto wake wanaishi huko na wanataka kaburi wanaloweza kulifikia kwa miguu. Mzee Nyakundi, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Evans, alikataa katakata. Alisema Mgusii hawezi kulala kwenye shamba la halmashauri. Wazee wakakaa vikao viwili. Mwishowe aliyekata maneno alikuwa mama mwenyewe.

Aliwaambia, nami nimeambiwa na Kerubo: "Mtoto ana watoto. Hata mimi nisingekubali kuzikiwa mume wangu mbali. Azikwe huko. Lakini afunikwe na udongo wa hapa, na nione ukimfunika."

Akachukua jembe mwenyewe, akaenda kando ya kaburi la mumewe mwisho wa shamba la majani chai, akachimba kishimo kidogo cha kuingia kikombe. Udongo akauanika juani ukakauka, akautia katika kimfuko alichokishona kutokana na shuka kuukuu. Mtu wa kijiji cha pili aliyekuwa akirudi Uingereza akakibeba. Ikapangwa kwamba mjukuu, Moraa, mwenye miaka tisa, ndiye angeumwaga, na kabla ya kuumwaga angesema umetoka kwa nani. Nyumbani wangetazama kwa simu ya video kwenye runinga kubwa, papo hapo. Hayo yalikuwa masharti yote ya mama yule, na yote yalinielekea mimi.

Nilifika siku moja kabla, adhuhuri, nikiwa na orodha ya mambo kumi na moja. Stima: nilileta betri ya akiba. Sauti. Kamera ndogo juu ya runinga, ili upande wa pili nao waone sebule. Niliketi kwenye kiti cha mama. Nilileta ruta yangu, kile kisanduku kinachogawa mtandao, nikaipandisha dirishani mahali inaponasa vizuri. Tukampigia Lydia kwa majaribio. Picha ikaja safi, sauti safi. Lydia akaniuliza kama wao wanapaswa kurekodi. Nikamwambia wasihangaike. Simu ya huko itakuwa na kazi ya kutosha. Nitarekodi hapa kwenye kompyuta. Hilo lilikuwa jambo la kumi katika orodha.

Nilipoondoka niliiacha ruta imewashwa na kompyuta imeunganishwa. Nilifikiri: inafanya kazi, usiiguse. Ni kanuni nzuri. Nimewafundisha watu wengi kanuni hiyo.

Sikilizeni sasa kilichotokea nisipokuwepo, ingawa nilikuja kukielewa baadaye. Mashine iliyokaa miaka mitatu bila mtandao ilipata mtandao. Ikafanya yale inayoagizwa na walioiunda: ikaanza kuvuta masasisho yote iliyoyakosa, kimyakimya, hadi asubuhi. Ikasahihisha pia saa yake kutoka mtandaoni, na kwa kuwa iliamini iko magharibi ya Amerika, ikajipa saa ya huko. Ilipomaliza ikataka kuzima na kujiwasha upya ili masasisho yaingie. Mashine hizi zina adabu. Hazifanyi hivyo saa za kazi. Husubiri watu walale. Na kabla ya kuzima hutoa tangazo dogo pembeni, mtu apate kusema hapana.

Matangazo nilikuwa nimeyafunga. Saa nilikuwa nimeificha.

Siku ya maziko sebule ilijaa mpaka barazani. Ibada ya huko ilianza saa saba mchana kwa saa zetu. Mama Evans alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa cheupe kimeondolewa juu ya kompyuta na kukunjwa magotini mwake. Mzee Nyakundi alikaa nyuma kabisa, mgongo kidogo kwa runinga, kuonyesha kwamba amekuja lakini hajakubali. Picha ilikuwa nzuri. Tuliona kanisa, tukaona jeneza likitolewa, tukaona gari, kisha tukaona makaburi yaliyopangwa kwa mistari.

"Ni kama majani chai," mama mmoja akasema.

"Nyamaza tuone," akajibiwa.

Ilipofika saa tisa kasorobo jeneza lilikuwa limeshushwa. Lydia alimsogeza mtoto mbele. Moraa alikuwa na koti jeusi lililomzidi na kimfuko kile mkononi. Mama Evans akasogea ukingoni mwa kiti. Nilikuwa nimesimama kando ya runinga, na nilikuwa nikimtazama yeye badala ya kioo, kwa sababu nilikuwa nimeridhika na kazi yangu.

Magharibi ya Amerika ilikuwa karibu saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyeshika kibodi wala kipanya kwa saa nzima. Kompyuta iliona watu wamelala.

Nilijua kwa uso wake. Nilipogeuka kioo kilikuwa cha samawati, na katikati kulikuwa na kiduara kinachozunguka na maandishi ya Kiingereza: masasisho yanaendelea, asilimia tatu, usizime kompyuta.

"Hizo namba ni za nini?" akauliza Mama Evans.

Mzee Nyakundi akajibu kutoka nyuma, na wala hakuwa akidhihaki. "Labda ni namba ya kaburi. Huko kila kitu kina namba."

"Dakika mbili tu," nikasema.

Ningeweza kung'oa waya, lakini mashine inayong'olewa waya katikati ya kazi hiyo yaweza isiwake tena kabisa. Nilijua hivyo na ujuzi huo ukanifunga mikono. Ikafika asilimia ishirini upesi, nikaamini itamaliza upesi. Ikafika ishirini na saba ikasimama. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu mwema, akaanzisha wimbo ili kuwashika watu. Tuliimba wimbo mzima kuanzia ishirini na saba hadi thelathini na moja. Mama Evans hakuimba. Alikuwa akizitazama zile namba bila kupepesa, kama kwamba udongo ungetokea nyuma yake.

"Dakika mbili," nikasema tena.

Kerubo ndiye aliyetoa simu yake mkobani. Hakuniuliza. Nilikuwa na simu mfukoni na sikuikumbuka. Mawazo yangu yote yalikuwa ndani ya ile kompyuta. Akatafuta kiungo cha ile simu ya video alichotumiwa na Lydia, akakifungua, mtandao ukasitasita, ukashika. Akampelekea mama yake, wakainama vichwa pamoja juu ya kioo cha ukubwa wa kiganja. Nilichungulia. Niliona zulia la kijani limetandikwa juu ya kaburi, kama nyasi za uongo, na watu wakitembea kuelekea magari, migongo yao.

"Ameshamwaga?" mama akauliza.

"Ameshamwaga, Mama."

"Umeona?"

Kerubo ni mwalimu na ni mtu wa kanisa. Akajibu, "Sikuona."

Mama Evans akakikunjua kitambaa magotini, akakikunja tena. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, hii mashine alininunulia yeye."

Nilirudi baada ya siku mbili kutafuta rekodi. Faili lilikuwepo, lenye jina la Evans na tarehe, na ndani hamna kitu. Nilikuwa nimechagua aina ya faili ambayo haisomeki mpaka ifungwe vizuri mwishoni, na mwisho haukufika. Zipo aina nyingine zinazohifadhi kila sekunde inavyokuja, hata waya ung'olewe. Nilizijua. Nilichagua ile kwa sababu ilitoa picha nzuri zaidi. Kwa hiyo hata ibada, hata jeneza likitoka kanisani, hayakubaki. Na huko hawakurekodi, kwa kuwa niliwaambia wasihangaike.

Hapo ndipo wengi wangemalizia hadithi, na mngeondoka na somo la kukagua saa. Kagueni saa. Lakini kosa lenyewe lilikuwa bado halijafanyika.

Lydia alikuwa akiiona sebule yetu kupitia kamera niliyoiweka. Rafiki yake aliyeshika simu kaburini aliona picha ya sebule yetu ikizimika wakati mtoto anafungua kimfuko. Akamnong'oneza Lydia: wameondoka. Lydia alikuwa anajua maneno ya vikao vya wazee, yalimfikia yote. Akaamini familia ilisubiri mpaka dakika ile ili kumwonyesha kwamba haiyatambui maziko yake. Kerubo alimwandikia mara mbili, hakujibiwa. Mzee Nyakundi aliposikia Lydia amekasirika hakusikitika.

"Mwache aamini hivyo," alisema. "Angalau ajue tulikuwa na la kusema."

Kerubo akaja tena dukani. "Wewe ndiye fundi. Mimi ananiona mtu wa upande ule. Wewe ukimweleza atakuamini."

"Nitamweleza," nikasema.

Nilikuwa na namba ya Lydia. Niliketi na daftari nikaandika ujumbe, kwanza kwa rasimu kama kawaida yangu. Nilieleza masasisho, nikaeleza saa za Amerika, nikaeleza matangazo. Kila neno lilikuwa kweli. Nilipousoma, ulisomeka kama mtu anayejitetea mahakamani. Nikaandika wa pili, na wa tatu, na wa nne. Kila mmoja ulikuwa sahihi zaidi, na katika kila mmoja neno "mimi" lilikuwa limesogea mbali zaidi na mwanzo. Sikuutuma hata mmoja. Nilijiambia jicho linaniuma. Liliuma kweli, lakini si kiasi hicho.

Mama Evans hakuiwasha tena kompyuta. Alikirudisha kitambaa juu yake, na safari hii hakukikunja nyuma. Akakishusha mpaka chini pande zote. Kile kishimo kando ya kaburi la mumewe, alipochota udongo, alikataza kisifukiwe. Aliyeuliza kwa nini alijibiwa, "Sijaona ulikokwenda." Mjukuu hakupiga simu. Bibi hakulaumu, alisema watoto wa huko wana shughuli.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika, Mama Evans akafa kwa kichomi. Kerubo alinipigia simu. Alisema Lydia amejibu ujumbe wake kwa mara ya kwanza, ujumbe wa kifo, kwa mstari mmoja: Moraa anataka kumwona nyanya yake akizikwa. Duka nilikuwa nimelifunga. Nikasema nitakuja.

Nilifika siku tatu kabla. Nikakiondoa kitambaa. Nikaiwasha, nikafungua pale mahali pa kuiambia kompyuta iko wapi, nikaiambia iko Nairobi, maana orodha yake haina Nyamira. Nikakagua kila kitu mara mbili, kwa jicho moja, pua karibu na kioo.

Siku ya maziko, asubuhi, tuliitoa runinga nje chini ya hema, tukaiweka juu ya meza karibu na jeneza. Lydia akatokea kwenye kioo, na Moraa pembeni yake, amerefuka. Watu walikuwa bado wanatafuta viti. Niliinama mbele ya kamera.

"Mama Moraa, mimi ni fundi. Mwaka jana picha ilikatika kwa kosa langu. Kompyuta ilijizima kwa sababu sikuipanga vizuri. Nilipaswa kukwambia siku ile ile na sikukwambia."

Lydia akasogea karibu na kioo. "Kwa hivyo hamkuondoka?"

"Hakuna aliyeondoka. Mama alikuwa mbele kabisa. Alikaa hivyo hivyo mpaka mwisho, akingoja."

"Mimi nilimwambia mtoto nyanya yake hakutaka kuona," akasema. Hakuwa akinisemesha mimi. "Mwaka mzima ananiuliza kwa nini, namwambia hakutaka."

Nyuma yangu Mzee Nyakundi alikuwa amesimama na fimbo yake. Alisikia. Akavua kofia, akaishika.

Moraa alikuwa ametoweka kwenye kioo. Aliporudi alikuwa na kile kimfuko. Alikuwa amekihifadhi. Alikigeuza ndani nje mbele ya kamera, akavuta pembe zake kwa vidole, na kwenye mishono bado kulikuwa na wekundu wa udongo wetu.

"Nilimwaga wote," akasema, kwa Kiswahili alichofunzwa na mama yake, akitamka kila neno peke yake. "Nikakung'uta. Mwonyeshe nyanya."

Picha haikukatika wala sauti haikupotea. Nikaishika runinga kwa mikono miwili, nikaigeuza taratibu juu ya meza mpaka ikaelekea jeneza, nikaishikilia hapo.